Nyundo ya kupondea magome: mkono na sikio vilivyoipima

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipokuwa tunatayarisha siku ya utamaduni hapa Nyankunde, tulitaka vijana waone kwa macho yao jinsi nguo ya magome ilivyokuwa inapondwa zamani. Gome tulilipata bila shida. Nyundo ndiyo iliyotusumbua. Katika nyumba zote tulizouliza hakuna aliyekuwa nayo tena. Basi tukachukua picha ya nyundo kutoka kitabu kimoja, tukampelekea seremala, naye akatutengenezea moja nzuri ajabu: imenyooka, imepigwa msasa, imepakwa verni mpaka inang'aa. Siku yenyewe ilipofika, kijana wetu mwenye nguvu alipiga mara kumi hivi, gome likapasuka katikati. Akahamia upande wa pili, likapasuka tena. Watu wakacheka. Nasi tukacheka pamoja nao, lakini kicheko chao kilikuwa cha furaha na chetu kilikuwa cha aibu.

Mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa kwenye viti vya mbele akasema tu: "Hiyo nyundo ni ya kutazama." Hakuongeza neno.

Maneno yake ndiyo yaliyotufanya tuandike kurasa hizi. Picha ilikuwa sahihi. Urefu ulikuwa sahihi, umbo pia. Kilichokosekana ni kitu kisichoonekana kwenye picha. Tukajiuliza: wazee walijuaje kwamba nyundo hii ni njema na ile haifai, nao hawakuwa na mizani wala rula? Tuliona swali hilo ni la historia kabisa, maana elimu ya namna hiyo haiachi maandishi. Ikifa, imekufa.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, kwa wale ambao hawajakiona. Nguo ya magome haifumwi. Ni gome la ndani la mti, hasa miti ya jamii ya mkuyu, linalobanduliwa, likalainishwa kwa maji au kwa mvuke, likalazwa juu ya gogo na kupigwa mpaka nyuzi zake zilegee na kutanuka. Kipande chembamba hutoka kikiwa kimepanuka mara kadhaa. Nyundo haitakiwi kukata wala kuchana. Kazi yake ni kusukuma nyuzi zipishane na kushikana upya. Hapo ndipo penye ugumu. Ukipiga kidogo gome linabaki gumu kama ngozi iliyoachwa juani. Ukizidisha linatoboka, na tundu hutiwa kiraka, na kiraka huonekana.

Katika msitu wa Ituri, kwa ndugu zetu Bambuti, kuponda ni kazi ya wanaume na kuchora ni kazi ya wanawake, ambao huchora kwa kidole au kijiti wakitumia maji meusi ya matunda ya porini yaliyochanganywa na makaa. Nguo hiyo wengi wanaiita murumba. Michoro ya akina mama hao imepata sifa mbali: mwaka 1991 ilionyeshwa Paris katika makumbusho ya Dapper, na vitabu vikubwa vimechapwa juu yake. Hatuna kinyongo na sifa hiyo, wanaistahili. Ila tunaona mchoro umesifiwa na nyundo imesahauliwa, na bila pigo lililo sawa hakuna mahali pa kuchora.

Nyundo zenyewe ni za namna mbili, kwa kadiri tunavyozijua pande hizi. Upande wa Uganda, kwa Waganda, ambako gome hutolewa kwenye mti wa mutuba, nyundo ni ya mti mtupu: kichwa cha mviringo na mpini vimechongwa katika kipande kimoja, na kichwa kimezungushiwa mifereji. Fundi hana nyundo moja. Ana ya mifereji mipana ya kuanzia, ana ya kati, ana ya mifereji myembamba ya kumalizia. Mafundi wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji, ndio wenye kazi hiyo kwa urithi, na mkuu wao anaitwa kaboggoza. Hupondea katika kibanda kilicho wazi pembeni chenye paa, ili jua lisikaushe gome kabla ya wakati. UNESCO iliitambua kazi hii mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaiingiza katika orodha yake ya urithi wa wanadamu.

Upande wetu wa msitu, na kaskazini yake kwa Wamangbetu, kulikuwa na nyundo nyingine: kichwa cha pembe ya tembo. Hii haipigi kwa ubavu kama ile ya Waganda. Inapiga kwa uso wa mwisho, kama nyundo ya misumari, na uso huo umechorwa mistari inayokatana kama wavu. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu mwaka 1870, aliandika juu ya nguo za magome na juu ya mti walioupanda karibu na nyumba zao, alioutaja kwa jina la rokko. Baadaye Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na makumbusho ya New York, walizunguka kaskazini-mashariki ya Kongo toka 1909 mpaka 1915 wakikusanya wanyama na vitu vya mikono ya watu. Leo nyundo za pembe za namna hii ziko ndani ya makabati ya vioo huko Ulaya na Marekani.

Kwa nini pembe, wakati miti imejaa pande zote? Si kwa fahari tu, ingawa fahari ilikuwepo. Pembe ni nzito kuliko miti mingi kwa kipande cha ukubwa uleule, kwa hiyo kichwa kidogo kinatosha. Hainywi maji ya gome haraka kama mti. Uso wake haumeguki nyuzi, na mistari iliyochongwa juu yake inakaa miaka mingi. Mzee mwenye nyundo ya pembe alimrithisha mtoto wake.

Baada ya aibu yetu tulifunga safari. Kando ya barabara ya Komanda kwenda Mambasa tulimkuta mzee mmoja wa Bambuti ambaye bado anaponda, siku hizi kwa kuwauzia wageni na watu wa mjini. Hatutaji kijiji chake, na msomaji ataelewa sababu mbele. Tulimpelekea ile nyundo yetu ya verni. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama unavyopokea mtoto wa mgeni. Kisha akafanya mambo ambayo tuliyaandika moja moja usiku ule kwa taa ya mafuta, na tunayaeleza hapa kwa urefu kwa sababu hatujayakuta yameandikwa mahali pengine.

Hakuitazama. Aliishika mwisho wa mpini, akaning'iniza mkono chini, akaendelea kuzungumza nasi habari nyingine: mvua, bei ya chumvi, ugonjwa wa mjukuu. Dakika nyingi zikapita. Tulidhani amesahau. Kumbe alikuwa anapima. Alituambia baadaye kwamba nyundo ukiinyanyua mara moja inadanganya. Kila nyundo ni nyepesi asubuhi. Uzito wake wa kweli unaujua wakati umeacha kuufikiri, pale kifundo cha mkono kinapoanza kuuliza maswali.

Kisha akaulaza mpini juu ya kidole kimoja, karibu na kichwa, akakisogeza kidole mpaka nyundo ikatulia. Akaiacha igeuke inavyotaka. Yetu iligeuka upande, na kila alipoirudisha ikageuka upande uleule. Akatikisa kichwa. Nyundo inayogeuka kidoleni itageuka mkononi, alisema, na ikigeuka mkononi itaangukia ukingo wake badala ya uso. Ukingo ndio unaokata. Hapo tukaanza kuelewa gome letu lilipasuka kwa nini.

Jaribio la tatu lilitushangaza zaidi. Akaweka gome bichi juu ya gogo, akainua nyundo yake mwenyewe mpaka usawa wa bega, na kuiacha ishuke. Hakusukuma. Mkono ulikuwa unaiongoza tu isipotee njia. Ikaanguka, ikaruka kidogo, na mkono ukaipokea katika kule kuruka ukaipandisha tena. Akampa kijana wetu. Kijana akapiga kwa nguvu kama anayepasua kuni. Mzee akamshika mkono: "Hapana, mwana. Usiisukume. Iachilie ianguke yenyewe, ile yenye iko mzuri inapanda yenyewe." Akaichukua ya verni, akaiangusha. Haikupanda. Ilibaki palepale juu ya gome. "Unaona? Hii inalala." Nyundo inayolala inamlazimisha mpigaji ainyanyue yeye, pigo baada ya pigo, na kufikia mchana mkono unachoka, na mkono uliochoka ndio unaotoboa nguo.

Na sauti. Kwa mzee huyu sauti ilikuwa karibu jambo lote. Alipiga gogo tupu, halafu gome, halafu gome lililokunjwa mara mbili, na kila mara akatuuliza tumesikia nini. Tulisikia kelele. Yeye alisikia lugha. "Nyundo inasemaka," akatuambia. "Ile yenye inalia ka, ka, inakata. Ile yenye inasema tu, tu, inapanua. Na kama kuko kitu kinatetemeka ndani, tupa, mpini umepasuka, hata kama macho hayaone." Alisema pia kwamba sauti ya nyundo moja hubadilika gome linapoanza kukauka, na fundi anajua wakati wa kunyunyiza maji kwa sikio, kabla vidole havijagusa. Wawili wakiponda pamoja, mmoja akakosea uso wa nyundo, mwenzake anamsikia na kumwambia bila kuinua macho.

Mwisho aliangalia uso wa nyundo, na hata hapo alitumia kidole gumba kuliko jicho. Mifereji mipya yenye kingo kali haifai kumalizia nguo. Ni ya kuanzia, wakati gome lingali nene. Ikiisha makali, nyundo haitupwi. Inapanda cheo, kama tunavyoweza kusema: inakuwa ya kulainisha. Nyundo iliyozeeka kabisa, ambayo mistari yake huioni ila kwa kuipapasa, ndiyo anayoipenda kuliko zote. Hiyo hampi mtu yeyote kuitumia, hata mwanawe.

Tulipotoka pale kila mmoja alikuwa na fikira zake, na tuseme kweli, baadhi yetu tulikuwa na mashaka. Sisi ni watu tuliosoma. Nyundo inasema? Mwalimu mmoja kati yetu alisema hayo ni mapokeo mazuri ya kuandika, lakini kwamba kinachopanua gome ni uzito na nguvu, basi, sauti ni matokeo tu.

Hapo kijana mmoja wa chama chetu, aliyekaa Kampala miaka kadhaa, akasema: "Wazee wangu, haya yote nimeyaona yakifanywa na wacheza gofu." Tukacheka. Gofu na Nyankunde wapi na wapi? Lakini tukamwacha aeleze, na baadaye tukasoma wenyewe, na tunaona faida ya kumpitisha msomaji huko kidogo.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, Kampala na Entebbe, kuna viwanja vya gofu tangu enzi za Waingereza. Mchezaji anapiga mpira mdogo kwa fimbo za namna mbalimbali mpaka uingie shimoni. Fimbo ya mwisho, ile ya kuusukuma mpira taratibu juu ya nyasi fupi, ndiyo wanayobishania kuliko zote, na wana sababu: katika kiwanja kinachohesabiwa mapigo 72, mapigo 36, yaani nusu, yamewekewa fimbo hiyo moja. Iko yenye kichwa chembamba kama kisu, na iko yenye kichwa kinene, ambayo kwa Kiingereza wanaiita kwa jina lilelile la nyundo ya mti. Mtu anayetaka kuinunua anailaza juu ya kidole aone kama uso wake unatazama mbinguni au ncha inaanguka chini. Anaishika huku anazungumza. Anapiga mipira michache na kusikiliza. Kijana wetu alikuwa anawatazama siku nyingi akingoja basi, na hakujua alikuwa anamtazama mzee wa barabara ya Mambasa.

Historia ya fimbo hiyo ya nyundo ni ya ajabu. Bwana Arthur Knight wa mji wa Schenectady, Marekani, mtu wa kampuni ya umeme ya General Electric, alitengeneza moja ya aluminyumu mwanzoni mwa karne ya 20, mpini wake ukiingia karibu na katikati ya kichwa badala ya mwisho. Mwaka 1904 Walter Travis alivuka bahari nayo mpaka Sandwich, Uingereza, akashinda mashindano makubwa ya wachezaji wasiolipwa, Mmarekani wa kwanza kuyachukua. Waingereza hawakufurahi. Mwaka 1910 wakuu wa mchezo kule St Andrews waliamua kwamba fimbo ya namna ya nyundo haikubaliki, na katazo hilo lilikaa mpaka 1951. Wamarekani hawakulifuata. Miaka arobaini na zaidi, chombo kilekile kilikuwa halali upande mmoja wa bahari na haramu upande wa pili, na mkono wa mchezaji haukuulizwa.

Tena yuko Karsten Solheim, mzaliwa wa Norwei, aliyeanza kama fundi wa viatu na baadaye akawa mhandisi, naye pia katika General Electric. Mwaka 1959 alitengeneza fimbo ya kusukumia mpira ambayo uzito wake aliupeleka kwenye ncha mbili za kichwa, ili mpira ukigusa pembeni kichwa kisigeuke sana. Ni shauri lilelile la kidole cha mzee wetu. Fimbo hiyo ilipogonga mpira ilitoa mlio, na mlio huo, Ping, ukawa jina la kampuni yake hadi leo. Waliokuja baadaye walichukua fikira ya uzito wa pembeni na kuitia katika vichwa vinene, na tangu miaka ya 2000 fimbo za nyundo zimejaa mikononi mwa wachezaji wakubwa. Wengine wameweka kipande laini usoni mwa kichwa, nusu kwa ajili ya mpira na nusu kwa ajili ya sikio.

Na jambo la sikio si hadithi. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walichapa utafiti juu ya sauti ya pigo la gofu na jinsi mchezaji anavyolihisi, wakaona vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja: maoni ya wachezaji juu ya pigo yalifungamana na sauti yake. Mwalimu wetu aliposoma hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema basi yule mzee hakuwa anasema mapokeo. Alikuwa anasema kazi.

Tusivute mfano kupita kiasi. Mcheza gofu anapiga pigo moja, anatembea, anakunywa maji. Mponda magome anapiga maelfu kwa siku, na nyundo mbaya inamlipa kwa malengelenge. Mcheza gofu akishindwa anainunua nyingine kesho, na wako wanaonunua kila mwaka. Hapa kwetu nyundo ilikuwa ya maisha.

Iliondokaje basi? Hapa kuna jambo ambalo sisi wasema Kiswahili wa Ituri tunapaswa kulitazama usoni. Mwaka 1887 Stanley alipopita msituni akienda Ziwa Albert, alikuta Ipoto kambi ya Wamanyema chini ya mkubwa wao Kilonga-Longa. Watu hao walikuwa wamefuata pembe za tembo. Njia zao zilianzia mbali, zikapita Manyema mpaka pwani na Unguja, na kwa njia hizo hizo ilirudi nguo ya pamba, ile amerikani iliyopewa jina kwa sababu ilitoka viwanda vya Marekani. Basi msafara mmoja ulichukua pembe iliyokuwa kichwa cha nyundo, na ukaleta kitambaa kilichoifanya nyundo isihitajiwe. Msafara huohuo ndio ulioleta lugha tunayoandika makala hii. Hatusemi hivyo kwa kulaumu lugha. Tungeandika kwa nini kingine? Tunasema tu kwamba vitu vitatu hivyo vilikuja na kwenda katika mzigo mmoja, pamoja na watu waliofungwa minyororo na kupelekwa utumwani, ambao hatupaswi kuwasahau tunapohesabu pembe.

Serikali ya Leopold iliwashinda wafanyabiashara wale katika vita vya 1892 hadi 1894, lakini biashara ya pembe haikufa, ilibadili bwana tu. Dhahabu ikaonekana Kilo mwaka 1903, na watu wakaenda migodini wakarudi na shati. Toka 1917 serikali ya Wabelgiji ililazimisha kilimo cha pamba, huko Uele hasa. Wamisioni nao walipenda kuwaona Wakristo wapya wamevaa kitambaa. Hakuna aliyekataza nyundo kama wakuu wa gofu walivyoikataza yao. Iliwekwa juu ya dari, ikavuta moshi, ikawa kitu cha babu.

Hata hivyo ilikuwepo. Baadhi yetu tunazikumbuka toka utotoni, zimening'inia au zimetumika kugongea vigingi vya mbuzi. Halafu ukaja mwaka 2002. Tarehe 5 Septemba vita vilifika hapa Nyankunde, kijijini na hospitalini, na katika siku zile waliuawa watu zaidi ya 1,000. Waliobaki walitembea kwa miguu mpaka Oicha na Beni. Wakati wa kukimbia mtu anabeba mtoto, sufuria, na Biblia kama iko karibu. Hakuna aliyebeba nyundo ya babu, na nyumba nyingi ziliporwa na kuchomwa. Hatulingani mti na damu. Tunaeleza tu kwa nini, tulipozunguka tukiuliza, kila nyumba ilituambia tarehe ileile. Na pamoja na nyundo walikufa wazee waliojua kuiangusha.

Liko tatizo jingine, na hapa tunarudi kwa mzee wetu. Mara ya pili tulipomtembelea alitutolea, kutoka ndani ya kitambaa, nyundo ya baba yake. Kichwa ni cha pembe. Kina rangi ya asali upande mmoja. Tuliishika kila mtu kwa zamu, na hata sisi tusiojua kitu tulihisi tofauti: ilitulia kidoleni, haikugeuka. Lakini biashara ya pembe ya tembo imekatazwa duniani tangu mapatano ya 1989, tembo wanalindwa na sheria ya nchi, na sehemu kubwa ya msitu upande wa Epulu imekuwa hifadhi ya okapi tangu 1992. Mzee anaogopa. Mtu akiiona atadhani ameua tembo. Akiipeleka mjini atakamatwa. Akimpa mgeni, itakwenda kuuzwa. Sheria yenyewe ni nzuri, sisi tunaiunga mkono, tembo wamekwisha kwa tamaa ya watu. Ila imemwacha mzee huyu na chombo ambacho hawezi kukionyesha, hawezi kukiuza, na hawezi kukitengeneza tena.

Katika chama tulibishana. Wengine walitaka tuiombe, tuiweke katika sanduku la kioo. Wengine tulisema hapana. Nyundo iliyo ndani ya kioo haina uzito, na orodha za makumbusho kwa kawaida huandika urefu, mali yake na mahali ilipotoka; nyundo yetu ya verni ingejaza mistari hiyo yote mitatu bila kosa. Mwishowe tuliamua kumwachia mzee kitu chake, na kuomba jambo jingine: atufundishe kuchonga ya mti yenye tabia ileile.

Tulichagua mbau, mti mzito tunaoufahamu wote. Seremala wetu wa kwanza alikuja pamoja nasi safari hii, bila kinyongo, na ni yeye aliyeuliza maswali ya maana kuliko sisi. Kichwa kikafanywa kikubwa zaidi kuliko kile cha pembe ili kufidia uzito. Mpini ukapunguzwa unene. Kingo za uso zikazungushwa kwa kisu, zisikate. Verni hakuna: mkono wenye jasho unateleza juu ya verni, na hilo pia tulilijifunza kwa kuchelewa. Mara tatu mzee aliilaza juu ya kidole, mara tatu akairudisha kwa seremala anyoe kidogo upande huu, kidogo upande ule. Mara ya nne ikatulia.

Akaiangusha juu ya gome. Ikapanda, si sana. Akaiangusha tena, ameinamisha sikio. Tulingoja kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani wa dola. "Bado mtoto," akasema. Akatuambia iponde msimu mzima wa mvua mikononi mwa mtu mmoja tu, isizunguke kwa watu, ndipo turudi aisikie.

Sasa iko kwa kijana yuleyule aliyepasua gome mbele ya watu. Aliiomba mwenyewe. Anaponda jioni nyuma ya nyumba yao, na majirani wameanza kulalamika juu ya kelele. Gome la kwanza lilitoboka mahali pawili, la pili mahali pamoja. Yule mama mzee wa viti vya mbele anakaa mtaa huohuo. Akipita njiani husimama kidogo nje ya ua bila kuingia, anasikiliza, anasema "bado", halafu anakwenda zake.